Mwalimu, imepitia wapi?

Swali lilitoka benchi la nyuma. Nilikuwa nimetandaza fuwele chache za asidi ya benzoiki juu ya kipande cha kioo, chini ya hadubini pekee inayofanya kazi katika maabara yetu, na pembeni yake nimeweka pamba iliyochovywa kwenye amonia. Vyote nikavifunika kwa kifuniko cha kioo, madirisha yakiwa wazi kwa sababu amonia haina mzaha na kifua cha mtu. Wanafunzi wakawa wanapita mmojammoja kuchungulia. Mwanzoni fuwele zilikuwa angavu, unaona upande wa pili. Baada ya muda kingo zake zikageuka nyeupe kama tui la nazi, kisha weupe ule ukaanza kuingia ndani, polepole, ukiwa na mstari unaoonekana waziwazi, kama maji yanavyopanda ufukweni bahari inapojaa. Katikati bado kioo, pembeni tayari chokaa.

"Mwalimu," akasema kijana mmoja wa kidato cha tatu, "si ulisema yabisi imebanana? Hii amonia imepitia wapi?"

Ni kweli nilisema. Juma lile lile nilikuwa nimechora ubaoni duara zilizopangwa kama machungwa ya gengeni, nikawaambia kwamba chembe za yabisi hazihami mahali pake. Nikamjibu kwamba mmenyuko unaanza juu ya uso wa fuwele. "Juu ya uso sawa," akasema. "Na ndani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo, nikamwahidi kwamba nitalitafuta. Nimelitafuta kwa miaka miwili sasa, kwa kusoma usiku na kuuliza watu wanaojua kuliko mimi, na nilichokikuta kimebadilisha namna ninavyoitazama kila kitu kigumu kilicho mbele yangu. Nimeandika haya kwa ajili yake, ingawa ameshamaliza shule, na kwa ajili ya walimu wenzangu ambao bado wanachora machungwa.

Nianze na kafuri, kwa sababu sisi wa pwani tunaijua kafuri kabla hatujajua neno kemia. Harufu yake ni harufu ya sanda. Acha kipande chake wazi juu ya meza, urudi baada ya siku kadhaa: kimepungua, na meza haina hata alama ya maji. Haikuyeyuka. Molekuli zake zimeondoka mojamoja kutoka kwenye uso, zimeingia hewani, zimefika puani kwako. Inawezekana hivyo kwa sababu kafuri ni fuwele ya molekuli. Katika almasi, kila atomu imefungwa kwa jirani zake kwa bondi kali, mwanzo hadi mwisho. Katika chumvi ya mezani, chembe zenye chaji chanya na hasi zinavutana kwa nguvu. Lakini katika kafuri kila molekuli ni nzima, imejitosheleza, na kinachoishikilia kwa wenzake ni mvuto hafifu tu. Wamesimama bega kwa bega kama watu kwenye safu ya sala. Hakuna aliyefungwa kamba na mwenzake.

Wamebanana kiasi gani? Mwanasayansi wa Kisovieti aliyeitwa Aleksandr Kitaigorodskii alilifanyia kazi swali hilo, na hesabu yake inatumika mpaka leo: katika fuwele za namna hii molekuli hujaza kwa kawaida kati ya asilimia 65 na 77 ya nafasi yote. Mtu akisikia hivyo atasema, kumbe kuna nafasi tele! Lakini nafasi hiyo iliyobaki imesambaa vipande vidogovidogo katikati ya mabega, hapa kidogo na pale kidogo, bila kuungana kuwa njia. Hakuna ukumbi, hakuna ushoroba. Ndiyo maana zinaitwa fuwele zisizo na vitundu, na ndiyo maana kwa muda mrefu wakemia wengi waliamini kwamba mvuke ukigonga fuwele kama hiyo utaishia mlangoni.

Asidi ya benzoiki niliyoitumia siku ile ni ya ukoo huo huo, na jina lake lina asili ambayo Mswahili anapaswa kuijua. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita utomvu wenye harufu wa Sumatra lubani jawi, yaani ubani wa Jawa, jina walilokiita pia kisiwa hicho. Wazungu walipolichukua jina wakadhani ile silabi ya mwanzo ni kineno kinachotangulia nomino katika lugha zao, wakaikata, na kilichobaki kikageuka polepole hadi kuwa benzoini. Ubani wetu na benzoiki yao wametoka kinywa kimoja. Na katika karne ya 16 asidi yenyewe ilipatikana kwa kuupasha moto ubani huo na kukusanya fuwele zinazoganda kutoka kwenye moshi wake. Kila anayefukiza nyumba kwa ubani wa aina hiyo ameshawahi kuirusha hewani.

Sasa, walioiuliza asidi hii swali la mwanafunzi wangu kwa makini walikuwa David Curtin na Iain Paul wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miaka ya 1970. Walichukua fuwele za asidi ya benzoiki na ndugu zake, wakaziweka kwenye gesi ya amonia, wakatazama kwa hadubini. Waliona nilichokiona mimi, ila wao hawakuishia kustaajabu. Waligundua kwamba weupe hauingii kutoka pande zote sawasawa. Fuwele nyingi za jamii hii ni bapa, kama kigae. Nyuso mbili pana, ya juu na ya chini, zinabaki angavu kwa muda mrefu, huku weupe ukikimbia kutoka kwenye kingo nyembamba.

Sababu iko kwenye mpangilio. Molekuli za asidi hizi hukaa mbilimbili, zikikabiliana na kushikana upande wa asidi kwa bondi za hidrojeni, mikia yao ya kaboni ikielekea nje. Zikijipanga kwa tabaka, uso mpana unakuwa umeezekwa kwa mikia, na amonia haina shughuli na mikia. Inachotafuta ni ile hidrojeni iliyo upande wa asidi. Kwenye kingo nyembamba mikono ile iko wazi, amonia inaichukua hidrojeni, na hapo hapo asidi na besi zinakuwa chumvi: amoniamu benzoeti. Curtin na Paul walikwenda mbali zaidi. Walitafuta fuwele ambazo molekuli zake zote zimeelekea upande mmoja, ambazo kichwa chake si sawa na mkia wake, na mwaka 1975 wakaeleza kwamba katika fuwele za namna hiyo gesi inaweza kupendelea ncha moja kuliko nyingine. Fuwele ile ile, gesi ile ile, ila upande mmoja unasema karibu na mwingine unasema hodi yako haijasikika.

Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kwa muda. Tunawafundisha watoto kwamba kasi ya mmenyuko wa yabisi inategemea eneo la uso, basi, saga unga uende haraka. Ni kweli, lakini ni ukweli nusu. Uso si uso tu. Inategemea ni uso upi, na nani amesimama mlangoni.

Na ndani je? Gerd Kaupp wa Oldenburg, Ujerumani, aliitazama habari hii kwa chombo kinachopapasa uso wa fuwele kwa ncha nyembamba mno, hadi vilima vyenye kimo cha molekuli chache vinaonekana. Aliona molekuli zikihama mbali sana, zikijenga vilima na kuchimba mashimo kwa utaratibu unaofuata mpangilio wa fuwele yenyewe. Akaeleza hatua tatu: kwanza molekuli mpya zinazaliwa ndani ya mpangilio wa zamani na kuusukuma, kisha mpangilio unageuka kuwa wa zao jipya, mwisho fuwele inasambaratika vipandevipande na kufunua uso mpya, mbichi, ambao gesi inaukuta tena. Weupe niliouona ulikuwa huo: maelfu ya fuwele ndogondogo za chumvi zikitawanya mwanga. Amonia haikukuta njia. Ilipasua, ikapita, ikapasua tena.

Ningeweza kusimama hapo na kumpelekea kijana jibu lake. Lakini ningekuwa nimemdanganya kwa kumpa nusu, maana zipo fuwele ambazo hazipasuki hivyo.

Mwaka 2000 kikundi cha Gerard van Koten huko Utrecht, Uholanzi, kilichapisha habari ya fuwele za molekuli zenye platini katikati. Hazina rangi na hazina vitundu. Zikikutana na gesi ya salfa dioksidi, ile inayokereketa kooni salfa inapoungua, zinageuka rangi ya chungwa. Gesi inakuwa imejifunga kwenye platini kwa bondi halisi ya kikemia. Haikujificha kwenye kona ya fuwele. Fuwele inavimba ili kumpokea mgeni. Ukiiacha kwenye hewa isiyo na salfa dioksidi, gesi inajifungua, inatoka, rangi inafutika, fuwele inanywea na kurudi ilivyokuwa. Unaweza kurudia mara nyingi, na wakati wote mpangilio wa kifuwele haupotei. Wenyewe waliona matumizi papo hapo: kitambua-gesi ambacho hakihitaji betri wala waya, rangi yenyewe inapiga kelele.

Nimejaribu kuwaeleza wanafunzi kwa mfano wa daladala. Konda anasema daladala haijai. Abiria wote wamebanana, hakuna kiti, hakuna hata pengo la kupitisha mkono, na bado kituoni anapanda mtu mwingine na anafika mpaka nyuma. Alipitia wapi? Hakukuwa na njia kabla hajaingia. Mmoja aligeuza bega, mwingine akavuta mguu, njia ikafunguka mbele yake na kufungika nyuma yake. Ukipiga picha kabla na ukapiga picha baada, katika picha zote mbili gari limejaa pomoni na huioni njia. Picha za eksirei za fuwele ndivyo zilivyo. Zinatuonyesha wastani wa watu waliosimama, na sisi tukadhani kusimama huko ni kufa ganzi.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Sheffield, Uingereza, kwa sababu huko mambo ni mazito zaidi ya kupisha. Lee Brammer, Guillermo Mínguez Espallargas na wenzao walifanya kazi na fuwele za buluu zenye shaba. Kila molekuli ina atomu moja ya shaba iliyoshikwa na kloridi mbili na pete mbili za kloropiridini, yaani pete za kaboni zenye naitrojeni moja ndani yake, zote zimelala bapa kuizunguka shaba kama miguu ya kigoda iliyopangwa msalaba. Waliipitishia gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo asidi ya chupa zetu za maabara. Buluu ikageuka njano.

Hesabu kilichotokea ndani. Bondi kati ya hidrojeni na klorini katika gesi imekatika. Bondi kati ya shaba na naitrojeni ya pete imekatika. Hidrojeni imehamia kwenye naitrojeni. Klorini imehamia kwenye shaba, ambayo sasa ina kloridi nne na imejikunja kutoka umbo bapa kuelekea umbo la pembe nne zinazotazama pande zote. Kilichokuwa molekuli isiyo na chaji sasa ni chumvi. Yote hayo yametokea ndani ya yabisi isiyo na tundu. Na ukiipasha moto, hidrojeni kloridi inatoka, shaba na pete zinashikana tena, buluu inarudi. Walianza kuyaeleza haya mwaka 2006 na kuendelea kwa miaka kadhaa.

Mwenye shaka atauliza, na ni haki yake: labda kuna unyevu kidogo hewani, unayeyusha uso wa fuwele, mmenyuko unafanyika kwenye utando wa maji, kisha unaganda upya? Mimi nilifikiri hivyo hivyo, hasa kwa kuwa ninaishi Tanga, mahali ambapo chumvi inalia maji kwenye kibakuli. Walilifikiria pia. Walirudia bila maji na bila kiyeyushi chochote, na mmenyuko ukaendelea. Baadaye, mwaka 2012, Mínguez Espallargas akiwa Valencia, Hispania, pamoja na Eugenio Coronado na wenzao, walionyesha kwamba kuingiza gesi hiyo hiyo kwenye fuwele nyingine za shaba kunabadilisha tabia yake ya kisumaku. Yaani mvuke unaingia na sumaku inabadilika, pasipo mtu kuiyeyusha fuwele wala kuiunda upya kwenye chupa.

Katika bara letu, jina ambalo nililikuta mara nyingi ni la Leonard Barbour wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa walioandika na Jerry Atwood wa Missouri kuhusu fuwele za molekuli zenye umbo la bakuli, ambazo mgeni wake anaonekana ameketi ndani ya mabakuli ingawa hakuna njia yoyote ya kumfikisha hapo, na fuwele haijavunjika. Hapo hakuna bondi mpya, mgeni anaketi tu. Lakini miaka michache baadaye Barbour aliandika jambo ambalo ningetaka kila mwanafunzi wa sayansi alisome: kwamba neno "vitundu" linatumiwa kiholela, na anayedai fuwele yake ina vitundu ana wajibu wa kuthibitisha. Je, unaonyesha shimo kwenye picha, au unaonyesha kwamba kitu kimepita? Ni madai mawili tofauti. Unaweza kuwa na shimo ambalo hakuna anayelifikia, na unaweza kuwa na njia bila shimo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nami sikuwahi kufikiri methali hiyo ingenifaa maabara.

Wapo pia Wachina wa Zhejiang, kikundi cha Feihe Huang, wanaotumia fuwele za namna hii kutenganisha kemikali za viwandani zinazofanana mno, kama stairini na ethilibenzini, kwa kuziacha fuwele zenyewe zichague mvuke upi wa kuupisha. Hilo sitalizungumza sana, ingawa viwanda vitalipenda kuliko yote niliyoyataja.

Mimi lilinigusa mahali pengine. Shangazi yangu ana kifafa, na kwa miaka mingi anatumia karbamazepini. Vidonge vyake alikuwa anaviweka kwenye bati lisilo na kifuniko kizuri, juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko la kuchemshia maji. Karbamazepini ni fuwele ya molekuli, na molekuli zake hushikana mbilimbili, kama zile za benzoiki. Fuwele iliyo kavu, ikikaa kwenye unyevu mwingi, inapokea mvuke wa maji: molekuli mbili za maji kwa kila moja ya dawa, na mpangilio wote unabadilika. Kidonge kinakuwa kigumu zaidi, kinachelewa kuyeyuka tumboni. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba vidonge vya karbamazepini vikihifadhiwa mahali penye unyevu, kama bafuni, vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Dawa haijaoza, haijanuka, haijabadilika rangi. Imempisha mgeni tu.

Nilikuwa nimelisoma onyo la "hifadhi mahali pakavu" kwenye pakiti mara mia bila kulitilia maanani. Nilidhani ni maneno ya kujikinga, kama yale ya nyuma ya tiketi ya basi. Siku nilipoelewa nilipanda bodaboda mchana kweupe kwenda kwa shangazi.

Vidonge vya zamani tulivirudisha duka la dawa, mfamasia akampa vipya, na nikamnunulia chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha. Tukakaa barazani. Yeye hakusoma zaidi ya darasa la saba, ila ni mtu wa kuuliza. Akachukua kidonge kimoja, akakigonga juu ya mkono wa kiti, ko, ko.

"Mwanangu, kitu kigumu hivi," akasema, "maji yanaingilia wapi?"

Nikamweleza habari ya watu kwenye safu, namna mmoja anavyogeuza bega akija mwenzake, na namna ambavyo safu inabaki safu lakini si ile tena. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakirudisha kidonge ndani ya chupa, akazungusha kifuniko, akakikaza, akakijaribu kama kimekaza, akakikaza tena.